Ukuta Uliopumua

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Pengo tutalijenga kwa kioo. Kioo kitupu, kuanzia chini hadi juu! Mtaa huu haujawahi kuona kitu kama hicho, na ndiyo maana unakihitaji.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa maarufu: mimi ni muuza vioo na madirisha ya alumini. Duka liko barabara kuu. Nyumba iko mtaa wa zamani, penye nyumba za mawe na chokaa zilizoegemeana bega kwa bega, jirani akikohoa unampa pole bila kuinuka kitandani. Tuliachiwa na wazazi, mimi na dada yangu. Mwaka jana mvua iliangusha chumba cha pembeni, kile alichokuwa akishonea Dada. Tangu hapo pana pengo upande wa barabarani, kama jino lililong'oka. Tumeliziba kwa mabati. Dada amehamishia cherehani nyuma ya ngazi, na mwanga wake ni ule unaopenya kwenye matundu ya misumari.

Muuza vioo anayeishi nyuma ya madirisha ya mbao! Wateja wananicheka. Seremala ananicheka. Huyu ndiye jirani wa upande wa pili wa pengo. Ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Na kamati ndiyo iliyopitisha kwamba kila dirisha linalotazama barabara liwe na fremu ya mbao. Anayetengeneza fremu za mbao ni nani? Sisemi zaidi.

Mke wangu kasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ule alinionyesha tangu ulipokuwa mwembamba kama uzi. Nimemwambia huu si wakati wa methali.

Jumanne, 4 Machi

Habari mbaya wakati wa chakula. Dada alisema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba mwanawe atakuja na gari Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili kumchukua. Akakae naye huko mbali. Eti haoni tena tundu la sindano. Juzi kashona mkono wa shati la mtu ukaziba, mteja akaingiza mkono usitokee.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia. Mke wangu akasema ni kweli, aliniambia mara nyingi, nami nilikuwa nikizungumzia alumini.

Hata hivyo Dada hataki makuu. Kasema hahitaji kuona chumba kimekwisha. Akijua tu kwamba ramani imekubaliwa na dirisha litakuwepo, atavumilia gizani mpaka kazi iishe. Nikamwambia, Dada, dirisha ni dogo, mimi nitakupa ukuta mzima wa mwanga! Akanipigapiga mkono.

Mama alipofariki nilikuwa mdogo, na Dada ndiye aliyenilea kwa cherehani ile ile. Nyumba hii bila mlio wake siwezi kuifikiria. Leo nimekula kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechora ramani mwenyewe, dukani, nyuma ya kalenda. Mstatili. Ndani ya mstatili nimeandika KIOO. Sioni kwa nini watu wanasomea kazi hii miaka yote hiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa kamati, ndani ya karakana ya Seremala, watu wamekalia mbao. Mtaa mzima ulikuja. Nilisimama nikafunua kalenda yangu.

Bibi wa Kona ndiye aliyeanza kuuliza. Huyu ni kikongwe wa nyumba ya mwisho, anajua nani kapika nini kabla chungu hakijachemka. Aliuliza kama nitakuwa nikioga humo. Nikasema hapana, bafu liko nyuma. Akasema kasikitika, maana siku hizi hana cha kutazama. Watu walicheka mpaka vumbi la mbao likapaa. Jirani wa mkabala akauliza jua la asubuhi likipiga kwenye kioo changu litaingia kwake, je, nitamnunulia miwani ya jua, na ya paka wake pia? Mwingine akauliza kibaraza kitakaa wapi, maana kila nyumba hapa ina kibaraza cha kukalia, na mtu hawezi kuegemeza mgongo kwenye kioo huku mwenye nyumba anakula ndani.

Wakanikataa wote. Hata mke wangu alinyoosha mkono upande wa kunikataa. Baadaye alidai alikuwa anajinyoosha.

Kisha Seremala akamwita binti yake. Binti huyu ni msanifu majengo, kasoma, ana kipande cha penseli sikioni kama baba yake. Naye ana ramani ya pengo letu! Nani kamtuma? Akaibandika ukutani. Nilifumba macho kwa makusudi. Siwezi kutazama kazi ya adui.

Masikio sikuweza kuyafumba. Alisema nyumba mpya isijifanye nzee. Kijana akikaa na wazee havai kanzu ya babu yake wala haongei kwa kutetemeka, lakini anasalimu, anakaa kimo chake, hapigi kelele. Kwa hiyo paa lisipite mapaa ya jirani, kibaraza kiwepo, ukuta upakwe chokaa kama wenzake, maana chokaa huacha ukuta upumue, saruji inaubana pumzi. Mengine yawe ya leo. Kisha akaanza kueleza jambo fulani kuhusu mwanga na pale juu chini ya paa, na mimi nikaanza kujiimbia moyoni nisisikie.

Nilipofumbua macho, Dada alikuwa amesimama mbele ya ramani, uso umekaribia kugusa karatasi. Alikaa hapo muda mrefu. Akasema ni nzuri.

Kila mtu akakubali. Lakini nyumba ni ya watu wawili, na bila sahihi yangu hakuna tofali litakalowekwa. Nikasema sitii sahihi. Dada akanitazama. Nikatazama pengine.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata!!!

Nimesoma kanuni za kamati kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nina hakika hata Seremala hajawahi kulifanya. Kuna kifungu kinasema: penye ukuta wa kale upande wa barabara, mwenye nyumba anaweza kujenga nyuma yake apendavyo. Apendavyo! Hata kioo!

Ninachokosa ni ukuta wa kale tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango kamili. Nitatengeneza ukuta wa kale kwa turubai. Nitaupaka chokaa, nitauzeesha, nitaunyoosha mbele ya pengo kwenye fremu. Nitatangaza kwamba nimeondoa mabati nikaukuta pale, umejificha nyuma ya kifusi miaka yote. Kamati itashangaa. Nitajenga kioo changu nyuma yake kwa ruhusa ya kanuni zao wenyewe. Halafu siku moja ukuta wa kale utaanguka kwa uzee, masikini, na kioo kitang'aa mtaani. Nani atanilaumu? Mvua?

Nimempelekea Dada turubai aniunganishe vipande. Nimemwambia ni la kufunikia mzigo wa vioo. Akauliza kwa nini mzigo wa vioo unahitaji kukatiwa mlango na madirisha mawili. Nikamwambia ni kwa ajili ya hewa. Akasema sawa, mdogo wangu. Dada hana maswali mengi. Ndiyo raha yake.

Jumatano, 12 Machi

Kazi ya sanaa, uani dukani. Chokaa koti la kwanza. Wanga ili turubai likakamae. Chai ya rangi kwa madoa ya mvua. Masizi kwa nyufa. Kwa ukungu wa kijani nimepaka maziwa ya mgando na majani yaliyosagwa, nilisikia mahali kwamba huota.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu kaniuliza majani ya chai yote yako wapi. Nikasema nimeyanywa. Akauliza na maziwa? Nikasema pamoja. Akanusa shati langu, akasema kama nimekunywa basi nimekunywa kwa mabega.

Mishono ya Dada inaonekana kidogo. Huwa anashona mara mbili, anarudi nyuma, na uzi wake mwekundu hauachi. Mtaa mzima unavaa mishono hiyo. Lakini nani atakumbuka nguo akiwa anatazama ukuta?

Alhamisi, 13 Machi

Umesimama!

Nilichagua adhuhuri, jua kali. Bahati ilinijia kwa wingi. Kwanza, mtaa ulikuwa mtupu kabisa. Madirisha yote yamefungwa, yameachwa upenyo kidogo tu, nadhani kwa ajili ya upepo. Pili, nilikuwa sina ngazi ndefu, nikashangaa kuona ngazi ya Seremala imeegemezwa palepale nilipoihitaji. Msahaulifu yule! Nikaitumia. Nilipokwama na kona ya juu, nikiwa nimeng'ang'ania kwa meno, sauti kutoka mahali nisipopaona ikasema vuta kushoto. Nikavuta kushoto. Ikakaa sawasawa. Labda ilikuwa redio.

Nilisikia pia mtu akicheka na mwingine akimnyamazisha. Redio siku hizi zina michezo ya ajabu.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya kuuonyesha. Nikatangaza. Wakaja wote, wamevaa vizuri, utadhani wanakwenda kwenye harusi. Nilifunga kamba ili wasikaribie, nikaandika HATARI, UKUTA WA KALE. Nikahutubia. Nikaeleza nilivyoondoa mabati kwa mikono yangu, nilivyougusa, machozi yalivyonitoka.

Seremala alivua kofia. Akasimama kimya, kofia kifuani, mabega yakimtetemeka kwa hisia. Akasema amezaliwa upande wa pili wa ukuta huu, amecheza hapa utoto wake wote, na hakuwahi kuuona hata siku moja. Nikamwambia ndivyo hazina zilivyo.

Bibi wa Kona akapita chini ya kamba, nani angemzuia, akaupapasa ukuta kwa kiganja. Akafuata mshono kwa kidole kutoka juu hadi chini. Akasema fundi wa ukuta huu ana mkono mzuri, anamjua, ana gauni lake nyumbani. Uzee ni kitu kibaya. Fundi wa ukuta wa kale atakuwa alikufa zamani, kwani si wa kale?

Kisha upepo. Ukuta ukajaa kama shavu, ukarudi. Ukajaa tena. Nikajua nimekwisha! Lakini Seremala akainua kidole, akawaambia watu watazame, kumbe ni kweli kama alivyosema binti yake, ukuta wa chokaa unapumua. Watu wote wakasema aaa. Mmoja alilazimika kukaa chini akijishika mbavu. Binti mwenyewe aligeuka akaziba uso na ramani zake. Wivu, nadhani.

Nikafikiri nimeshinda. Nikasema, basi, kwa kifungu cha kanuni, naomba kujenga nyuma yake nipendavyo.

Seremala akakohoa. Akasema lahaula, ukuta mzee kiasi hiki? Unaopumua? Nyundo moja nyuma yake na tutauzika. Akapendekeza usiguswe. Usijengewe nyuma, usiegemewe, usipigiwe chafya. Mikono yote ikapanda juu, na wa mke wangu ulikuwa wa kwanza. Safari hii hakudai anajinyoosha.

Jumatatu, 17 Machi

Mambo yamekuwa magumu.

Kamati imeweka zamu ya kulinda ukuta wangu. Wanakaa kwenye kibaraza cha Seremala na kahawa, kila mpita njia anaambiwa anyate. Muuza mkaa kapita leo akinong'ona mkaa, mkaa. Nimekwenda kwa Seremala nikamuuliza kama kanuni haziwezi kulegezwa. Alisema kwa huzuni kwamba kanuni ni kanuni, nazo mimi ndiye niliyezisoma.

Kuna jambo sikulifikiria. Mabati yalikuwa na matundu. Turubai halina, na mlango na madirisha yake niliyaziba kwa turubai jingine, watu wasichungulie. Jioni hii, jua bado lipo nje, nimemkuta Dada nyuma ya ngazi ameshika sindano juu, mbali, kisha karibu, kisha mbali. Kaniomba nimtungie uzi. Nikachukua, nikautia mate, nikatunga. Mimi mwenyewe nilihangaika, maana ni giza kweli humo. Akasema ahsante. Akanyanyua gauni la mtu akaliweka chini tena, akasema kwa leo inatosha.

Nilikaa naye kidogo kwenye ngazi. Nikamtungia sindano nyingine tatu za kesho.

Jumatano, 19 Machi

Ukuta lazima uanguke. Kwa uzee, mbele ya mashahidi, kabla ya Jumamosi. Leo nimeumwagia maji ndoo baada ya ndoo, nikisingizia nasafisha kibaraza.

Matokeo: maji yameupa uhai ukungu wa mgando. Umeota! Kijani kibichi, unapendeza. Majirani wananipongeza. Jirani wa mkabala kaja na watoto wake wapige picha mbele yake. Halafu kwa jua la leo turubai limekauka na kukakamaa zaidi, ukiligonga linalia kama mlango.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kiasi hiki maishani mwangu, na sasa ndiyo inaniumiza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeingia nyuma ya ngazi ghafla. Nimemkuta Dada, Bibi wa Kona na binti wa Seremala wamekaa kwenye mizigo, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Waliponiona wakanyamaza. Wanawake bwana. Watu wamekaa msibani, wao wanacheka.

Walipoondoka nilimwambia Dada asiende. Nilisema hivyo tu, bila hotuba. Akasema hataki kwenda. Hapa ndipo alipozaliwa, anajua kila mlango unavyolia. Huko kwa mwanawe atakaa kwenye kochi atazame watu wakirudi kazini. Lakini kasema hatakaa gizani akisubiri mtu amalize ujanja wake.

Nilimuuliza mtu gani. Akasema yupo mmoja anamjua.

Masanduku yamefungwa. Cherehani imefunikwa kwa shuka. Nimeitazama mara moja nikatoka nje.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike upesi kabla sijasahau kitu.

Mpwa wangu alifika asubuhi na pikapu. Kijana mwema, ana haraka. Alinisalimia shikamoo mjomba, akaukodolea macho ukuta, akafungua kinywa. Mke wangu akamshika mkono akampeleka ndani kunywa chai. Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakakaa kwenye vibaraza vyao. Nikafikiri wamekuja kumuaga.

Masanduku yakapakiwa. Cherehani ikabebwa na watu wawili ikawekwa nyuma ya pikapu. Nilipoiona pale juani, miguu yote juu ya bati, nilitaka kulia na nikalia. Nilimwambia jirani wa mkabala kwamba ni chokaa machoni.

Dada akatoka. Akasema kabla hajapanda angependa kuuaga ukuta wa kale, maana ndio kwanza wamefahamiana. Seremala mwenyewe akamwinulia kamba. Dada akaenda mpaka katikati ya ukuta, akainama chini, akauweka mkono. Alikuwa na mkasi wake mdogo shingoni kama kawaida. Niliogopa, nikamwambia awe mwangalifu asijikate.

Nikasikia kitu kama mtu anayechana kitambaa. Sijui nini kilitokea. Nadhani ni uzi, nyuzi za siku hizi hazina nguvu kabisa. Mshono ulifunguka kutoka chini, ukapanda taratibu, tr-tr-tr, ukafika juu. Ukuta wa kale ukagawanyika vipande viwili. Cha kushoto kikaanguka juu yangu. Cha kulia kikaanguka kwa heshima kando ya barabara.

Nilipojitoa chini yake, mweupe kama kuku aliyeangukia unga, niliona jambo ambalo nalieleza kama lilivyo. Jua lilikuwa limeingia. Lilipita penye pengo, likapita ndani, likafika mpaka nyuma ya ngazi, penye sakafu tupu ilipokuwa cherehani. Dada alikuwa akilitazama.

Nikajua sasa nitatukanwa kizazi na kizazi. Lakini Seremala akavua kofia, akatangaza kwa sauti nzito kwamba ukuta umefariki. Umeanguka kwa uzee. Tumeshuhudia wote. Bibi wa Kona akasema kweli, aliona mwenyewe, ulikuwa unahema tangu jana. Watu wakanipa pole, mmoja mmoja, kwa kunishika mkono! Wengine walishindwa kunitazama usoni, kwa uchungu. Yaani mpaka mwisho hawakugundua! Turubai liko miguuni mwao na hawakugundua!

Seremala akasema basi, kwa kuwa marehemu hayupo, kamati inaweza kurudi kwenye ramani ya binti yake. Binti akaifungua. Ikabaki sahihi yangu.

Hapo Dada akanigeukia. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya pikapu. Akauliza mbele ya watu wote: mdogo wangu, utatia sahihi, au nipande?

Nikatazama ramani kwa mara ya kwanza. Kibaraza. Mlango. Kimo sawa na jirani. Na juu, chini ya paa, kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine, kioo. Kirefu, chembamba kama mkanda, kimetulia pale ambapo jua la asubuhi linafika na macho ya wapita njia hayafiki. Pembeni binti kaandika kwamba kioo kitatoka dukani kwangu. Fremu, ya mbao.

Ya mbao. Ya Seremala.

Nilipigana na nafsi yangu kama dakika nzima. Kisha nikaomba kalamu. Hapakuwa na meza, Seremala akainama, nikatia sahihi juu ya mgongo wake. Niliandika kwa kukandamiza.

Mpwa wangu karudi na pikapu tupu. Kasema mjomba, nyie watu wa mtaa huu. Hakumalizia.

Jumapili, 27 Julai

Chumba kimekwisha. Sitaki kukisifia sana kwa sababu si mimi niliyekichora, lakini wapita njia wanapita bila kushtuka, kisha wanarudi nyuma hatua mbili kutazama tena. Chokaa yake bado nyeupe kuliko ya wenzake. Binti anasema tuiache, izeeke yenyewe kwa wakati wake. Nilijitolea kuizeesha kwa chai. Amekataa.

Wateja wananiuliza kile kioo cha juu kimetoka wapi. Nawaambia.

Leo asubuhi Dada alikaa kwenye cherehani. Jua lilikuwa mezani, juu ya mikono yake. Akachukua sindano, akachukua uzi, nikanyanyuka nimsaidie. Hakunihitaji. Ukapita mara ya kwanza. Alinionyesha kama mtoto anayeonyesha jino jipya, na sisi sote wawili tukacheka, halafu mimi nikalia, na safari hii sikusingizia chokaa.

Jumatatu, 28 Julai

Nimefikiri usiku kucha. Somo la mwaka huu liko wazi: mtaa huu uko tayari kuamini kitu chochote, mradi kiwe cha kale na kisemwe kwa uso mkavu. Ukuta wa turubai ulisimama siku tisa, na hakuna hata mmoja aliyeshuku! Mtu mwenye kipaji kama hiki anaruhusiwaje kupumzika?

Kwa hiyo: roshani. Nitagundua roshani ya kale juu ya duka langu, barabara kuu. Yenye nguzo. Nguzo za mabomba ya plastiki. Nyuma yake, kioo!

Nimempelekea Dada turubai. Nimemwambia ni la hema. Akalipima kwa mkono, akaniuliza kama safari hii ningependa mishono ionekane au isionekane. Sijui kwa nini anauliza kitu kama hicho. Nikamwambia vyovyote.

Nilipotoka nikakutana na Seremala kibarazani. Aliuliza, bila sababu yoyote, kama nitahitaji ngazi wiki hii. Akaniomba pia nimtajie siku mapema, ili awahi kupanga viti.

Masikini. Hajui lolote.